Samaki wa Tumbo Kubwa

Alhamisi, mvua bado inanyesha

Na mimi ndiye niliyewafundisha wake za wanangu: bonyeza samaki tumbo, likijaa nunua. Miaka yote hiyo.

Leo sokoni Nyamarambe nilimwambia Akinyi, anayetuletea samaki aina ya ningu, kwamba hawa ndio samaki, si vile vijiti vya wiki iliyopita. Akacheka.

"Mama, wale walikuwa wa ziwani. Hawa tumewatega mtoni wakipanda kutaga. Hilo tumbo ni mayai."

 

Nikamuuliza mbona wasiwaache wakatage kwanza.

"Si ni nyinyi mnataka matumbo? Wale wembamba mnaniachia wanaoza."

Kumbe ndiyo sababu mto Gucha hapa chini kwetu hauna kitu. Mama yangu akiteka maji, ningu walikuwa wanamgonga miguu. Nami nimewatukana vijana wa kijiji hiki hadi mlangoni pa kanisa, eti wamewamaliza.

Nimerudi na wawili wembamba. Kemunto, mke wa mwanangu, amewageuza akaniuliza, "Mama, macho yameanza kukusumbua?"

Nimemwambia apike. Kesho nitamweleza. Kusema nilikosea sijazoea.