Nilichoma Nyasi za Mke Wangu, Sasa Amehamia kwa Mama

Mpendwa Mshauri, naomba msaada, japo mimi si mtu wa kuomba, maana Handeni hii hakuna mdudu asiyelijua jina langu, nikipita na bomba la dawa mgongoni hata nzi wanahama kijiji. Shule niliacha darasa la sita, walimu walikuwa wameishiwa. Sasa mke wangu Husna, mtu wa milimani Kwashemshi, nilimpa kipande chake cha shamba kando ya changu, naye akaleta ya kwao: mabua ya mahindi hachomi, anayalaza chini, na mpakani kaacha ukanda wa nyasi eti ni nyumba ya mende weusi, wale wanaotimua mbio ukiinua bua. Nikamwambia, "Mende ni mende, awe jikoni awe shambani." Akanijibu, "Hawa wanakula sota, wale viwavi wa udongoni wanaokata miche, baba. Wewe kazi yako kula ugali tu." Kwetu shamba lisilochomwa ni la mvivu, kwa hiyo alipokwenda kwao msibani nikachoma nyasi, nikachoma mabua, nikapulizia udongo mpaka mende wakalala chali, nikamwita jirani yangu Mhina aje aone usafi. Mvua ikaja, tukapanda, na sota wakaanza kukata mahindi shinani kama wana panga, kwangu na kwake. Husna kahamia kwa mama yangu, na mama kampokea, tena Husna anasema msimu ujao atalima kwa baba yake. Mshauri, mimi sijakosea, nilipulizia kitaalamu. Nifanyeje arudi bila kumwomba radhi? Ila moja, usimwambie: msimu uliopita watu walikuwa wakipita njiani wanasifia mahindi yake, yangu wanayapita kimya.
Rehani, Handeni

Rehani, pole, ingawa nusu ya pole hiyo ni ya Husna. Dawa yako ilikuwa kali kweli: imeua walinzi kabla mwizi hajafika. Mende wale hawagusi mahindi, wanawinda sota, na ulichoma nyumba yao. Lakini kilichokuuma si mende, umekitaja mwenyewe mwishoni.

Sasa sikiliza. Bomba litundike. Kila asubuhi anza na kipande cha mkeo. Palipokatwa mche fukua kwa kidole, sota utamkuta kajikunja, muue, rudishia mbegu. Ndiyo kazi waliyokufanyia mende bila hata chai. Mpakani acha nyasi ziote, na mabua ya msimu huu yasikione kiberiti. Viwavi wa majani wakizidi, dawa iingie kwenye moyo wa muhindi, si ardhini. Kisha nenda kwa mama yako, piga hodi kama mgeni, umwambie Husna yale ya wapita njia, mama akisikia. Nenda leo, kabla Mhina hajamsomea gazeti hili.