Redio Ilizima, Mimi Nikaendelea Kutangaza

Mpendwa Shangazi Beldina,

Pokea salamu kutoka Mpumudde, Jinja. Naomba msaada wako, ila kwanza naomba usinicheke mpaka umalize kusoma. Mimi ni fundi cherehani, mtoto wa Mbale, Kiswahili nilikipata nyumbani kwa marehemu baba aliyekuwa na duka, na hapa Mpumudde nimepanga kwa Bwana Isabirye, uani kwetu tuko familia saba na redio ni moja, yangu, ile niliyoifukia nyuma ya jiko wakati wa vita ikiwa ndani ya gunia, na aliyeniona nikiifukia ni mtu mmoja tu, jirani yangu Otim, askari wa magereza, mtu wa kaskazini, na wenye bunduki walipokuja kupekua wakamuuliza, afande, hapa kuna redio, akawaambia hakuna. Vita vikaisha, nikaifukua, ikalia.

Sasa Kombe la Chalenji lilipoanza, uani kwetu pakawa uwanja wa mpira. Mechi zinatangazwa kwenye stesheni yenu ya huko Kenya kwa Kiswahili, na watu wa hapa wengi hawakijui na hawakitaki, wanasema ni lugha ya askari, waliyopigwa nayo, kwa hiyo mimi nakaa kwenye kiti karibu na spika, mtangazaji akisema, natafsiri kwa Lusoga, lugha ya hapa, na Shangazi, sitakuficha, nilikipenda kile kiti, maana watu hamsini wananitazama mdomoni, na hata Isabirye, ambaye kwa kawaida hunisalimia tarehe moja tu, siku ya kodi, siku ya mechi ananiletea chai.

Jumapili tulicheza na Malawi. Betri zilikuwa zimechoka, nilizianika juu ya bati tangu asubuhi, nikaziuma kwa meno, zikakubali. Tulikuwa sare ya bao moja, dakika ya sabini na tano, sauti ikaanza kufifia, nikainama, nikabana sikio kwenye spika, ikakata kabisa. Nilitakiwa kusema redio imekufa. Lakini nilipoinua macho watu wote kimya, wazee wameshika vifua, Margret, mpiga ngoma wetu, ameinua mikono juu ya ngoma yake, na mdomo wangu ukasema kona. Kisha ukasema kona imepigwa, golikipa katoka vibaya, na kabla sijajua ninafanya nini nimeshafunga bao la kichwa. Shangazi, nilitangaza dakika kumi na tano bila redio, nikampa mtu kadi ya njano, nikawaacha Malawi wagonge mwamba ili isiwe rahisi sana, nikapuliza filimbi ya mwisho. Otim alikuwa amekaa upande wa pili wa spika, nilimwona anaitazama redio, kisha ananitazama mimi, akatabasamu kidogo. Isabirye akachinja jogoo. Watu walicheza ngoma mpaka barabarani.

Jumatatu asubuhi watu wa mtaa wa pili, ambao wana redio yao, wakaja kutucheka. Tumefungwa mbili kwa moja, na wao wanauliza kama Mpumudde ina kombe lake peke yake. Wote uani wakanigeukia, Isabirye mbele, na mimi nikasema kwamba mwishoni redio ilikuwa inakwaruza, na ni Otim aliyeniambia tumefunga. Otim alikuwa amesimama pale pale, jina lake akalisikia. Aliniangalia kwa muda, akavaa kofia yake, akaenda kazini.

Sasa Isabirye amempa Otim mpaka Jumapili ahame, anasema askari ni askari hata amani ikija, na Milly, mke wa Otim, akifika bombani jerikeni lake linasogezwa nyuma mpaka maji yanakatika. Kwa bahati kwenye kundi tumepenya, Jumamosi ni nusu fainali, uani patajaa tena, na nikikiri leo nani ataniamini siku hiyo, na tena watu hawa wameteswa na vita, hii furaha si wanaihitaji? Ningoje mashindano yaishe ndipo niseme? Na kwa nini Otim hakujitetea, au ameshanisamehe? Barua hii nampa dereva wa lori anayevuka mpaka wa Malaba kuja Kenya leo. Jina langu usilitaje.

Mimi, fundi wa Mpumudde.

*

Fundi,

Sikukucheka. Haya, nilicheka kidogo pale Malawi walipogonga mwamba, maana hata watangazaji wetu wa hapa hawajafika kiwango hicho. Kisha nikafika kwa Otim, nikavua miwani.

Uwongo wa Jumapili naweza kuubeba. Mmetoka vitani, uliona watu wanangoja raha, ulimi ukateleza. Ungesema jioni ile ile, wangekutania mwezi mzima na yangeisha. Uwongo wa Jumatatu ndio unaomtoa mtu nyumbani kwake. Usinisingizie furaha ya watu. Unapenda kiti, umesema mwenyewe, na hilo ndilo neno la kweli kuliko yote katika barua yako.

Unaniuliza kwa nini Otim hakujitetea. Baba, angejitetea kwa lugha gani? Kiswahili chake hawakitaki, Lusoga yake nadhani haijai kijiko, na maneno yake yote hapo uani hupitia mdomoni kwako. Umemshtaki mtu ambaye mkalimani wake ni wewe. Alikuangalia akingoja urekebishe maneno yako, ukanyamaza, akavaa kofia. Kimya hicho usikiite msamaha.

Mtu huyu aliulizwa na wenye bunduki habari ya redio yako, akasema hakuna. Wewe umeulizwa na mwenye jogoo, ukamtoa Otim. Wazee walisema shukrani ya punda ni mateke, na walikuwa hawajakutana na wewe.

Habari ya kungoja mashindano yaishe iache. Nusu fainali mnacheza na sisi Wakenya, na tutawafunga, kwa hiyo furaha ya kujifichia hutaipata. Utakiri mbele ya wote, siyo sikioni mwa Isabirye. Utamwomba Otim radhi kwa Kiswahili, kisha utasema yale yale kwa Lusoga, ili asiwepo wa kuuliza. Jerikeni la Milly utalibeba wewe mpaka kombe lipate mwenyewe, na utapita mbele ya wanawake wale wale. Jumamosi ununue betri mpya, hizo za kuuma kwa meno zitupe, na kwenye kile kiti atakaa Otim. Wewe utasimama nyuma yake utafsiri. Watakuamini, kwa kuwa safari hii yupo mtu wa kukusahihisha.

Jina lako sikulitaja, kama ulivyoomba. La Otim nimelitaja, na la Isabirye pia, maana barua yako nimeisoma yote hewani leo Alhamisi, saa kumi na moja, stesheni ile ile, na najua redio yako inasema kwa sababu ulikuwa unangoja jibu. Uani wamesikia Mpumudde. Wamesikia Otim. Isabirye amesikia jina lake, ameacha chai, anakuuliza yule mama wa redio amesema nini. Otim ameelewa kila neno na bado hajafungua mdomo.

Haya, fundi. Tafsiri.