Daftari la Salha

Chuoni, Olaya, Riyadh

Mamangu mpenzi,

Nakushika miguu. Goti lako vipi? Ile dawa ya kupaka niliyokutumia naomba uipake, usiifungie kabatini pamoja na khanga mpya. Mimi mwili mzima, ila moyo umenijaa, ndiyo maana nimeandika kwa mkono. Nikikutumia sauti kwa simu unaifungua barazani, na jirani wa nyumba ya tatu ananisikia. Hii isome peke yako.

Kaka Shee bado anawaambia watu kwamba ile miaka niliyokuwa jeshini kule mpakani nilikuwa mpishi. Nimechoka kunyamaza. Sikupika hata chai, Mama. Nilikaa na hedifoni masikioni nikisikiliza redio za maadui, na kazi yangu ilikuwa kufumbua mafumbo yao. Walinichukua kwa sababu najua Kiarabu, Kisomali na Kibajuni. Mara moja walizungumzia harusi wiki nzima: wageni wangapi, masufuria mangapi, bibi harusi atapita njia gani. Wenzangu wakaandika kwamba ni mambo ya kifamilia. Nikawauliza, "Huu si mwezi wa Ramadhani? Nani huoza mwana Ramadhani?" Kumbe bibi harusi ni msafara wa malori yetu, na harusi ni shambulio. Njia ikabadilishwa, vijana wakarudi wazima, na kapteni akapongezwa. Mimi nilikuwa nimekula kiapo nisiseme, na mpaka leo sijasema hata kwako.

Nilipotoka nikasema halas, imetosha, sasa nataka kazi ya amani. Ndipo nikasomea utawala, nikapata hii ya usajili katika chuo hiki cha wasichana. Naweka majina, napanga mitihani, natoa vyeti. Nilidhani sitasoma tena siri ya mtu.

Mwezi uliopita, kwenye mtihani wa hesabu, msimamizi akakuta daftari chini ya kiti cha mwanafunzi mmoja anayeitwa Salha. Herufi ni za Kiarabu, lakini maneno si Kiarabu. Wakasema ni shifra, maandishi ya siri ya kuibia mtihani. Daktari Nura, mkuu wetu, akaja kuliweka mezani kwangu.

Halikunichukua muda. Kila ukurasa ulikuwa na neno moja linalojirudia: bibi. Kumbe ni Kiswahili, ila kila neno limegeuzwa, silabi ya mwisho imewekwa mwanzo. Ni kinyume kile kile tulichokisema utotoni ili wewe usituelewe! "Bibi" ukiligeuza linabaki bibi, ndiyo maana liliniita. Baada ya hapo "kisita" ikawa sitaki, "kanata" ikawa nataka. Salha alikuwa akimwandikia bibi yake aliyeko Jeddah barua ambazo hakuzituma. Baba yake anataka kumwoza kwa mtu asiyemtaka, na yeye anataka kumaliza masomo. Nilizisoma zote, Mama, mpaka ukurasa wa mwisho, na nilipolifunga lile daftari nilijiona kama mwizi.

Nikamwambia Daktari Nura, "Humu hamna hesabu. Ni barua za mtoto kwa bibi yake."

"Basi tafsiri yote utie sahihi. Nakala nitampelekea baba yake."

"Hilo siwezi, Daktari."

"Na wewe umejuaje kusoma shifra?"

Nilikumbuka kile kiapo. Kwenye karatasi zangu za kazi niliandikwa karani wa mawasiliano.

"Usipotafsiri, msichana anafukuzwa," akasema. "Na ikama yako, kibali chako cha kuishi nchini, iko kwetu, usisahau."

Nikarudi mezani kwangu. Nikafungua faili la Salha, nikaipata anwani ya bibi yake, na Ijumaa nikapanda ndege. Najua haikuruhusiwa.

Huyo bibi, Bi Zuhura, anakaa Al-Baghdadiyah huko Jeddah, orofa ya nne, lifti mbovu. Aliletwa kutoka Unguja akiwa mtoto mdogo, lakini Kiswahili chake utadhani ameondoka jana.

"Mwanangu, wewe mtu wa wapi?"

"Wa Lamu, bibi." Nikamweleza habari ya daftari.

"Basi kinyume unakijua. Mimi ndiye niliyemfundisha." Kisha akaniangalia sana. "Kaandika nini humo ndani?"

"Hayo atakwambia mwenyewe, bibi. Mimi nataka tu uje uwaonyeshe kwamba si wizi."

Hakuuliza tena. Akatwaa buibui lake.

Jumapili alikaa mbele ya kamati ya mitihani hapa chuoni, akaomba kalamu, akaandika kwa herufi zile zile na kwa kinyume kile kile jinsi ya kupika mkate wa kumimina. Akawasomea, mimi nikafasiri mpaka kwenye hamira. Wakatazamana. Salha akasafishwa, na daftari akarudishiwa bila kufasiriwa. Lakini mtihani eti asubiri muhula ujao, ratiba imeshafungwa! Nami nikapewa barua ya onyo kwa kutumia faili la mwanafunzi, nikaondolewa kwenye mitihani. Sasa nagonga mihuri kwenye vitambulisho.

Siku hiyo hiyo Salha alimweleza bibi yake yote. Bi Zuhura amehamia kwa mwanawe hapa Riyadh na anasema hatoki mpaka ile posa irudishwe. Mpaka leo haijarudishwa.

Kinachoniuma zaidi si onyo. Salha alikuja ofisini, nikadhani amekuja kunishukuru.

"Umesoma yote?"

"Yote."

"Hata ukurasa wa mwisho?"

"Hata huo."

Akalikumbatia daftari. "Ungeniita kwanza ukaniuliza. Mimi nilikuwa nje, kwenye benchi."

Na kweli alikuwepo, Mama. Nilimpita nikienda kumjibu Daktari Nura. Vitani sikuwahi kumwona uso mtu niliyemsoma. Huyu alikuwa hatua kumi kutoka mlangoni pangu, na sikukumbuka kwamba anaweza kuulizwa.

Nisalimie dada yako khalati Mwanakombo mshona kofia, mke wa kaka na wanawe, na mwalimu wangu wa chuo cha Kurani aliyenifundisha hizi herufi za Kiarabu. Niombee dua. Kila asubuhi Salha hupita mbele ya dirisha langu, nami humsalimia. Haitikii. Kesho nitamsalimia tena.

Mwanao akupendaye,
Mwanaisha