Pumzi ya Kagendo Kwenye Kaseti

Mwenda mjukuu wangu,

Huku Githongo tumeamka salama. Mvua imetukumbuka, kahawa inaiva, na babu yako bado anabishana na redio.

Umeniuliza kama masikio yanaweza kutofautisha faili kubwa ya wimbo na ile iliyobanwa. Nimezisikiliza zote ulizonitumia. Kwangu ni mamoja.

Lakini nilimkumbuka mama yangu. Zamani mwalimu wa kwaya alituletea kaseti mbili za wimbo uleule, ya asili na nakala yake, tuchague moja. Dada yangu Kagendo aliimba humo kabla hajatutoka. Mwalimu alizicheza tukiwa tunachambua kahawa, mbivu huku, mbichi kule. Sisi sote tukasema hazina tofauti. Kaseti aliyoicheza ya pili ilipofika ubeti wa Kagendo, mikono ya mama ikasimama juu ya gunia.

"Hii," akasema. "Hapa anavuta pumzi kabla ya kuanza. Kwa ile nyingine haipo."

Mwalimu akairudisha nyuma, akainamisha sikio, akairudisha tena.

"Mama Kagendo, kweli hii ndiyo ya asili! Ni mimi niliyerekodi, na sikuwahi kuisikia pumzi hiyo!"

Na mama yangu huyo, ukibisha hodi, ilibidi upige kelele ndipo akusikie.

Kwa hiyo usinipime na waimbaji nisiowajua. Jirekodi wewe mwenyewe ukinisalimia, unitumie kwa faili kubwa na kwa ile ndogo. Hapo nitakujibu.

Ni mimi shosho wako,
Karimi