Sanduku la Bi Mize

Bibi yangu,

Wanawake hatuendi makaburini, na wewe mwenyewe ulikuwa mkali kwa hilo, basi nimekaa barazani kwako na daftari. Nakuandikia kwa sababu naogopa. Ungekuwapo ungenitukana kwanza, halafu ungeniambia la kufanya. Matusi yako nayataka, bibi. Nitukane.

Nimeuza sanduku la Bi Mize wa Kiuyu.

Sikujua kama ni lake. Wingwi nzima ilijua kazi yako ni kununua na kuuza vitu vya kale: madele ya kahawa, masinia ya shaba, saa zisizokwenda, milango ya nakshi iliyong'olewa kwenye nyumba zilizobomoka. Wanunuzi wa Unguja walikuja na viatu vyao vya kung'aa, ukawakalisha juani mpaka wakajuta. Na kile walichokitaka zaidi ndicho ulichowanyima. "Hicho kimeshaposwa," ukawaambia. Lile sanduku la njumu za shaba limeposwa tangu mimi sijajua kufunga ushungi. Bwana mmoja alikuuliza, mbona mchumba haji? Ukamjibu, "Atakuja siku yake." Tukacheka sote. Nilidhani ni ukaidi tu, maana ukaidi ulikuwa nao, Mungu akurehemu. Uligombana hata na daktari aliyekukataza kunyanyua milango.

Arobaini yako ilipokaribia nikasafisha. Wageni wanakuja, khitma itasomwa, na vitu vimejaa vumbi. Kwenye vishikio vya vitu kadhaa nikakuta vipande vya ukindu wa rangi, vimefungwa fundo. Nikaviona uchafu. Nikavikata vyote, nikavitia mafigani chini ya sufuria ya pilau. Watu walilisifu pilau lile.

Wiki ya pili yake akaja bwana mmoja wa Unguja, nikamuuzia sanduku. Nilipoliona linapakiwa garini nikajiona na mimi sasa mfanyabiashara. Lo!

Siku nne baadaye, hodi. Bi Mize, na fimbo yake, anahema kwa njia mbovu ile. Akafungua pindo la kanga, akatoa kipande cha ukindu chekundu na kijani, fundo ni lile lile. Hapo ndipo nilipojua. Kumbe vilikuwa viwili viwili, kimoja kwenye kitu, kimoja kwa mwenyewe. Kumbe kina mama walikuletea vitu vyao uwawekee, wana wao wasije wakaviuza, nawe ukaviweka mbele ya macho ya wanunuzi, mahali ambapo hakuna mtoto angefikiria kutafuta. Miaka yote ile hukuniambia! Hilo nakulaumu, bibi, na nitakulaumu mpaka tuonane.

"Sikuja kulichukua, mjukuu wangu," akasema. "Nataka kulitia mkono tu. Sanda yangu imo."

Akanieleza. Sanda aliyoletewa na marehemu mumewe kutoka Makka, imeroweshwa maji ya Zamzam, imelala kwenye droo ya siri chini ya sanduku, droo ambayo mimi sikujua kama ipo. Nami nikamtazama usoni yule mama mtu mzima nikasema, "Liko kwa fundi, Bi Mize, njumu zimelegea." Uwongo ulinitoka laini kama mafuta. Akanishukuru. Akaniombea dua! Akasema atarudi, ila nimhimize fundi, kwani mwili umeshaanza kumuaga.

Tangu siku hiyo kila hodi inanitoa roho. Majuto ni mjukuu, husema watu. Basi mjukuu mwenyewe ndiye mimi. Niliogopa Bi Mize atajua. Niliogopa zaidi asijue, afe akiniamini. Na kinachonitisha kuliko vyote ni wewe. Amana huulizwa, bibi, na aliyeaminiwa ni wewe, si mimi. Isije kuwa huko uliko unaulizwa sanduku liko wapi, nawe huna jibu kwa sababu mimi nilitaka nyumba ing'ae.

Vitu vilivyobaki siuzi hata kijiko. Nimetuma salamu vijijini, kila mwenye ukindu wake aje aonyeshe chake.

Yule bwana nimempigia. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili akasema mali ikishauzwa imeuzwa. Mara ya tatu nikamwambia mna sanda ya mtu ndani. Hapo akanitajia hoteli ya Unguja aliyoiuzia. Wameliweka mapokezi, wageni wanatua mabegi yao juu yake. Astaghfirullah.

Jana kaja binti yake Bi Mize. Mama hainuki tena, anauliza kama fundi amemaliza. Nilitaka kusema kesho. Uwongo wa pili sikuuweza. Nikamwambia ukweli wote, nimesimama mlangoni. Hakunipiga. Alikaa kwenye kizingiti akalia, na mimi nikalia. Kisha akasema mamake hataambiwa na mtu mwingine ila mimi.

Asubuhi hii nimekwenda Kiuyu, nikamwambia yote, na kwamba naifuata sanda Unguja. Bi Mize alinisikiliza mpaka mwisho, macho kafumba. Nikangoja laana. Aliuliza jambo moja tu: "Utawahi?"

Nilimbusu mkono nikatoka mbio. Hapa barazani nangoja gari inishushe Mkoani nikapande boti.

Nakuahidi sirudi Pemba bila sanda ile. Wakinikatalia nitakaa pale mapokezi mpaka waone haya, ukaidi nimeurithi kwako. Lakini naogopa, bibi yangu. Naogopa kuchelewa.

Kwaheri. Mungu akupanulie kaburi lako. Na kama Bi Mize atafika huko kabla sijarudi, mpokee wewe. Mwambie nimo njiani.

Mjukuu wako