Mheshimiwa na Pamba ya Zagayu

Jumatatu, 10 Julai 1995
Mimi nina bahati bwana. Tulikuwa watu arobaini pale Bariadi tunaitaka kazi hii, Mholanzi mnunuzi wa pamba akaninyooshea kidole mimi. Karani wa mizani na mkalimani. Leo tena Zagayu, kununua pamba. Mholanzi huyu watu wanamwita Mheshimiwa, kwao Uholanzi alikuwa mbunge. Anamwamkia kila mtu kwa Kisukuma, "Mwangaluka". Simwamini.

Jumanne, 11 Julai
Mbunge gani anafua shati lake mwenyewe? Nimefika Mwanza, nimefika Nairobi, wakubwa nawajua. Ushirika ulikuwa unachelewa kulipa, lakini tuliujua. Hawa wanunuzi wapya tumewaokota wapi? Na ni mwaka wa uchaguzi.

Alhamisi, 13 Julai
Nimemwuliza kwa nini aliacha ubunge. Kwa Kiswahili chake cha kuchechemea akasema, "Sikuacha. Waliniacha." Aliwaambia wafugaji wa kwao, mkutanoni, kwamba wanatia maji kwenye maziwa. Baba yake akiwamo. Kura zikaota mbawa, akaingia biashara. Nilicheka sana. Halafu nikamwona anazamisha mkono kwenye gunia mpaka kwapani, anaunusa. Kicheko kikaisha.

Ijumaa, 14 Julai
Mjomba Masanja amelowesha pamba ili iwe nzito. Nimeligusa gunia nikajua. Nikisema, Mheshimiwa atafunga kituo cha kununulia, Zagayu nzima ikokote pamba mpaka Lagangabilili. Na mjomba ndiye aliyenilea.
"Umande tu huo, mwipwa wangu. Andika."
Nikaandika. Mheshimiwa alikuwa ananitazama. Naogopa.

Jumamosi, 15 Julai
Mheshimiwa kashika gunia la mjomba, kaniuliza mbele ya watu, "Hili lina maji?" Anajua, huyu. Ananipima mimi sasa.
Nikasema, "Lina maji. Nilijua tangu jana."
Mjomba akasema, "Kumbe na wewe umekuwa Mholanzi."
Nilingoja kufukuzwa. Mheshimiwa akatandika turubai, akamwaga gunia, akaanza kuianika pamba kwa mikono. Nikapiga magoti nikamsaidia. Baadaye wakaja wengine watano na magunia yao, wanaona haya. Wakamwaga. Hata mjomba aliinama kugeuza pamba yake, ila kanipa mgongo.

Jumapili, 16 Julai
Kanisani mjomba alikaa benchi jingine. Kesho kituo kinafunguliwa kama kawaida. Mizani atashika Mheshimiwa mwenyewe, mimi nibaki na ukalimani. Ni haki yake.
Na pale Bariadi, siku ya kuomba kazi, hapakuwa na watu arobaini. Nilikuwa peke yangu mlangoni. Wenzangu wote walikataa kumfanyia kazi mtu wasiyemjua.