Kidonda Kilichoushinda Mrututu

Kabula mjukuu wangu, mwangaluka. Huku Sola tunapumua, ila pamba imenyauka, na yule ng'ombe mweupe tumemchinja kabla hajafa mwenyewe.

Umeuliza kama nimewahi kuona kidonda kikiushinda mrututu, ile dawa ya bluu. Nimeona. Kaka yangu Masanja alijikata mguu kwa jembe, na jirani yetu Mama Holo akamnyunyizia mrututu kama alivyomtibu kila mtu. Wengine walipona. Mguu wa Masanja ulioza, tukamzika. Watu wakayatazama macho ya Mama Holo, mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe tunachopikia, wakasema ni mchawi. Wakaichoma nyumba yake. Hatukumwona tena.

Sasa unaniambia ndani ya mrututu kuna shaba inayoua bakteria wa kidonda, ila bakteria wengine wana protini iliyojikunja kama kiganja. Inaibana chembe ya shaba isiwadhuru, inaikabidhi kwa protini nyingine iliyo kwenye ukuta wa bakteria, nayo inaitupa nje. Nimeutazama sana mchoro wako. Kumbe ni kitu kidogo hivyo, na sisi tulitafuta mtu.

Niandikie tena kwa Kiswahili chepesi, mwenyekiti wa kitongoji awasomee watu. Mtoto wa jirani ana kidonda kisichopona. Mama yake alipokuja kuomba mrututu nilimkatalia, nikamwambia ampeleke hospitali Bariadi. Sasa wanaulizana kwa nini nimekataa.

Fanya haraka, mama. Macho yangu nayo yamekuwa mekundu.

Bibi yako,
Minza